Ukishapewa mzizi mmoja wa polinomia, mingine unaitoaje? Dogo kakatwa alama, njooni tuamue

#1 Mchele_wa_Kyela
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu yupo kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu). Kwenye jaribio wamepewa hivi: 2 + i (i ni kipeuo cha pili cha −1) ni mzizi, yaani thamani ya x inayoleta sifuri, wa polinomia x⁴ − 6x³ + 18x² − 30x + 25. Tafuta mizizi mingine yote.

Dogo kaandika: mzizi wa pili ni 2 − i. Jumla ya mizizi yote minne ni 6, hii miwili inakula 4, iliyobaki jumla yake 2. Zao la yote minne ni 25, hii miwili zao lake 5, iliyobaki zao lake 5. Basi x² − 2x + 5 = 0, mizizi ni 1 + 2i na 1 − 2i. Kafunga daftari.

Majibu sahihi, nimeyahakiki mwenyewe. Mwalimu kampa nusu ya alama na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi?" Mimi nasema hiyo NDIYO njia, na mgawanyo mrefu kwenye chumba cha mtihani ni kujichelewesha. Karibuni.

#2 Tundu_la_Sindano
Nimekaa siti ya mbele. Mimi nilikuwa HGL (Historia, Jiografia, Lugha), lakini ugomvi wa hesabu unanifurahisha.

#3 Mzee wa Chaki
Nimefundisha hesabu za juu muda mrefu kidogo, niseme tu. Njia ya jumla na zao ni halali. Tatizo la dogo lipo kwenye mstari wa kwanza kabisa. "Mzizi wa pili ni 2 − i." Kwa nini? Hajasema. Alipaswa kuandika: kwa kuwa kofishenti zote (namba zinazozidisha x, na ile ya mwisho) ni namba halisi, zisizo na i, konjugeti ya 2 + i (namba ileile, alama ya i imegeuzwa) nayo ni mzizi. Sentensi hiyo moja ndiyo inayobeba alama. Ningekuwa mimi ningemkata pia, ila si nusu.

#4 Mchele_wa_Kyela
Mwalimu shikamoo. Sasa hiyo si inajulikana? Kila mwanafunzi anajua hizi namba za i zinatembea mbili mbili.

#5 Mzee wa Chaki
Marahaba. Zinatembea mbili mbili zikiruhusiwa. Chukua x² − (2 + i)x + 2i. Weka x = i: −1 − 2i + 1 + 2i, unapata sifuri. Kwa hiyo i ni mzizi. Sasa weka −i uone: unapata −2 + 4i. Si mzizi. Mzizi wa pili hapo ni 2, namba halisi tupu. Kisa? Kofishenti zenyewe zina i ndani. Mwanafunzi asiyesema sharti ataingia kwenye shimo hili siku akiletewa swali la namna hii.

#6 Nahodha_Mtepe
Mbona jepesi jamani. Mizizi hii inatokana na kanuni ya kwadratiki, ile yenye "jumlisha au toa" kipeuo cha pili. Kipeuo kikiwa cha namba hasi unapata i upande wa jumlisha na −i upande wa toa. Ndiyo maana ni pacha. Sisi Unguja tulieleweshwa hivyo na tukafaulu.

#7 Kipima_Joto
@Nahodha_Mtepe hiyo inafaa kwa digrii ya pili tu, yaani kipeo kikubwa cha x kikiwa 2. Swali la #1 ni digrii ya nne. Nani kakwambia polinomia ya digrii ya nne inapasuka kuwa kwadratiki mbili zenye kofishenti halisi? Ni kweli inapasuka, lakini ukitaka kuthibitisha utajikuta unahitaji habari hiyohiyo ya konjugeti. Unazunguka mbuyu.

Sababu yenyewe ni hii: konjugeti ya jumla ni jumla ya konjugeti, na konjugeti ya zao ni zao la konjugeti. Namba halisi konjugeti yake ni yenyewe. Sasa chukua P(z) = 0, fanya konjugeti pande zote mbili. Kofishenti hazitikisiki, sifuri haitikisiki, z peke yake ndiyo inageuka. Unabaki na P ya konjugeti ya z sawa na sifuri. Mistari miwili, kwisha.

#8 fundi_mawimbi
Ya Kipima_Joto sahihi, ila inathibitisha bila kukuonyesha kitu. Mimi naiona hivi: i na −i zote zikijizidisha zinatoa −1. Ukiwa ndani ya namba halisi huna namna ya kusema ipi ni ipi. Polinomia yenye kofishenti halisi haina jicho la kutofautisha juu na chini ya mstari wa namba halisi, kwa hiyo ikikubali mzizi wa juu haiwezi kumkataa wa chini. Kila kitu kinaakisiwa kama kwenye maji.

#9 Dada_Vekta
Mimi nilifundishwa tofauti na nyote: sehemu za i lazima zikatane ili kofishenti zitoke halisi. Mwenye +i asipopata mwenye −i, kofishenti zinachafuka.

#10 Kipima_Joto
@Dada_Vekta na kwa nini zikatane wawili wawili? Kwa nini zisikatane tatu kwa pamoja? Mmoja 2i, wengine wawili −i kila mmoja. Jumla sifuri, safi kabisa.

#11 Dada_Vekta
Haya fungua mabano basi. Unapata x³ + 3x + 2i. Kofishenti ya x² imekatika, ya x imetoka 3, namba ya mwisho imechafuka palepale. Nilisema kofishenti ZOTE.

#12 Kipima_Joto
Umeonyesha kwa mfano mmoja. Mifano mingine yote nani ataifungua?

#13 Dada_Vekta
Wewe, kwa kuwa ndiye mwenye muda.

#14 Lushi_Katanga
Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Huku kwetu hatugombane juu ya konjugeti, tunaingiza mzizi ndani ya tablo ya Horner, inajibu yenyewe. Hata mzizi ukiwa na i. Angalieni, kofishenti ni 1, −6, 18, −30, 25 na mzizi ni 2 + i:

Shusha 1. Zidisha kwa 2 + i, jumlisha na −6: −4 + i.
Zidisha tena, jumlisha na 18: 9 − 2i.
Zidisha tena, jumlisha na −30: −10 + 5i.
Zidisha tena, jumlisha na 25: sifuri.

Sifuri ya mwisho ndiyo ushahidi kwamba 2 + i ni mzizi kweli. Sasa chukua mstari uliobaki, 1, −4 + i, 9 − 2i, −10 + 5i, pitisha 2 − i: unapata 1, −2, 5, na sifuri. Ile x² − 2x + 5 ya mtoto imetoka. Na hapa hakuna mwalimu wa kuuliza njia iko wapi, maana 2 − i imejithibitisha yenyewe kwa baki sifuri.

#15 Mchele_wa_Kyela
Hii nimeipenda. Asante ndugu wa Katanga.

#16 Mzee wa Chaki
Nzuri, tena #14 kagusa jambo: akitumia tablo haihitaji sharti la konjugeti kabisa, anaijaribu tu 2 − i na inakubali. Lakini waangalie wanafunzi wanavyokosea −4 + i mara 2 + i. Nusu ya darasa wanasahau kwamba i mara i ni −1. Ndiyo maana mimi huwafundisha kuunganisha kwanza: (x − 2 − i)(x − 2 + i) = x² − 4x + 5, halafu wagawanye kwa hiyo. Namba halisi mwanzo mwisho.

#17 Bodaboda_PhD
Kugawanya kwenyewe kwa nini? Ukishajua kigawo ni x² − 4x + 5, kingine lazima kianze na x² na kimalizike na 5, maana 5 × 5 = 25. Katikati kuna kx. Angalia x³: k − 4 = −6, k = −2. Imeisha. Hii niliifanya kichwani nikisubiri abiria.

#18 Tundu_la_Sindano
Huyu wa #17 ndiye naelewa peke yake. Wengine mnatisha watu.

#19 Nahodha_Mtepe
Hata ile sintetiki ya kawaida (tablo kama ya #14) ni mkato tosha mizizi ikiwa namba za kawaida. Mfano x³ − 3x + 2, mzizi mmoja ni 1. Andika 1, −3, 2. Shusha 1, inakuja −2, inakuja sifuri. Kinabaki x − 2, kwa hiyo mzizi mwingine ni 2. Sekunde kumi.

#20 Mzee wa Chaki
Nahodha, weka 2 uone: 8 − 6 + 2 = 4. Merikebu imepiga mwamba. Polinomia ya digrii ya tatu ina kofishenti nne, wewe umeandika tatu. Nafasi ya x² haipo, unaweka 0: 1, 0, −3, 2. Inatoka 1, 1, −2, baki sifuri. Yaani x² + x − 2 = (x + 2)(x − 1).

#21 Dada_Vekta
Na hapo kuna mtego wa pili. Mzizi 1 umerudi tena! Mizizi ni 1, 1 na −2. Wengi wakishapewa 1 wanaufuta kwenye orodha, wanajaribu −1, 2, −2, halafu wanashangaa mmoja haonekani. Mzizi uliopewa unaweza kuwa umejirudia, ujaribu tena kwenye kilichobaki kabla ya kwenda mbali.

#22 Bodaboda_PhD
Kwa wapenzi wa jumla na zao: kwenye digrii ya tatu alama ya zao inageuka. Namba ya mwisho hapo ni +2 lakini zao la mizizi ni −2. Digrii witiri geuza, digrii shufwa acha. Wengi wamezama hapo.

#23 Nahodha_Mtepe
Sawa walimu. Bahari haikosi mawimbi.

#24 Mwanafunzi_wa_Usiku
Naomba kuuliza. Ile ya konjugeti inafanya kazi kwenye vipeuo pia, si ndiyo? Yaani nikipewa mzizi ni kipeuo cha tatu cha 2, basi toa kipeuo cha tatu cha 2 nacho ni mzizi?

#25 Kipima_Joto
Hapana. Polinomia x³ − 2: ukiweka kipeuo cha tatu cha 2 unapata sifuri. Ukiweka hasi yake unapata −2 − 2 = −4. Miwili iliyobaki hapo ni namba changamano (zenye i), na zenyewe kwa zenyewe ndizo pacha, kwa sababu ya i.

Kwa kipeuo cha PILI inafanya kazi, ila sharti ni kali zaidi: kofishenti ziwe namba zinazoandikika kama sehemu, haitoshi kuwa halisi. Mfano x³ − √2x² − x + √2. Mzizi mmoja ni √2. Je, −√2? Weka: −2√2 − 2√2 + √2 + √2 = −2√2. Si mzizi. Iliyobaki ni 1 na −1.

#26 fundi_mawimbi
Ambayo ni hoja yangu ya #8 ileile. Mwenye kofishenti za sehemu tupu hana jicho la kutofautisha √2 na −√2. Ukiiweka √2 ndani ya kofishenti, umempa jicho.

#27 Kipima_Joto
Jicho si uthibitisho.

#28 fundi_mawimbi
Uthibitisho bila jicho ni kutembea usiku.

#29 Bibi_Kokoto
Wanangu hamjambo. Mimi ni mhasibu, nipo Mwanza, na jambo hili nalikuta kazini. Tuseme mradi wa machimbo ya kokoto. Mwaka wa mwanzo unaweka milioni 100. Mwaka unaofuata unavuna milioni 230. Mwaka wa baada ya hapo unalipa milioni 132 kufukia mashimo na kurudisha ardhi. Faida yake ni asilimia ngapi kwa mwaka?

Ukiita y ni 1 ukijumlisha kiwango cha faida, unapata 100y² − 230y + 132 = 0. Kompyuta inakupa y = 1.1, yaani asilimia 10, na wengi wanaishia hapo, wanapeleka kwa bosi. Lakini jumla ya mizizi ni 2.3, basi upo mwingine: 1.2. Asilimia 20 nayo inatimiza hesabu ileile! Ukianza kukisia na 10 programu inakupa 10, ukianza na 20 inakupa 20. Sasa mradi ni wa 10 au wa 20?

#30 Tundu_la_Sindano
Shikamoo bibi. Inategemea bosi anataka kusikia ipi.

#31 Bibi_Kokoto
Marahaba mjukuu. Umejibu kihasibu. Lakini tazama: benki ikikukopesha kwa asilimia 15, mradi huo unakuletea faida. Ikikukopesha kwa 5, unakula hasara! Maana gharama ya kufukia inakuja mwishoni, na riba ikiwa ndogo haiipunguzi uzito. Kinyume na mazoea. Usipotafuta ule mzizi wa pili huwezi kuliona hilo.

#32 Mchele_wa_Kyela
Nimehakiki kwa asilimia 5: −100 + 230/1.05 − 132/1.1025. Inatoka hasi kweli, karibu laki saba hasara. Duh.

#33 KodiYaMsimbo
Naongezea la kompyuta. Hii tabia ya kupata mzizi mmoja, kugawanya, kupata mwingine, kugawanya tena, kwenye karatasi ni sawa, ila kwenye mashine ina hatari. Mzizi wa kwanza ukiwa wa makadirio, kofishenti za kilichobaki nazo zinakuwa za makadirio, na kosa linarithiwa mpaka wa mwisho. James Wilkinson wa Uingereza alitengeneza polinomia yenye mizizi 1, 2, 3 hadi 20. Kofishenti ya x¹⁹ ni −210. Akaipunguza kwa 2 kwa kipeo cha −23, yaani kama moja ya milioni nane. Mzizi 16 na mzizi 17 vikatoweka, pakatokea jozi ya namba changamano, 16.73 na ± 2.81i karibu. Ndiyo maana NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, haigawanyi kabisa, inaunda matriksi (jedwali la namba) na kutafuta aijenivalu zake, namba maalumu za matriksi hiyo ambazo ndizo mizizi yenyewe. Na anayegawanya, kila mzizi anaoupata ausafishe upya kwa polinomia ya mwanzo, asitumie iliyobaki.

#34 Lushi_Katanga
Lakini Horner ndiye alileta hii tablo, tumupe heshima yake.

#35 Ugenini_Valencia
Hapa nilipo Uhispania watoto wanafundishwa kama kanuni ya Ruffini. Paolo Ruffini, Mtaliano. Alikuwa nayo kabla ya makala ya Horner ya 1819.

#36 Mzee wa Chaki
Na Wachina kabla ya wote wawili. Qin Jiushao alitumia utaratibu wa namna hiyo kwenye kitabu chake cha 1247. Wazo la kwamba ukijua mzizi a unaweza kugawanya kwa x − a, Descartes analieleza wazi 1637.

#37 Dada_Vekta
Mimi mfano ninaoupenda ni wa Bombelli, 1572. x³ = 15x + 4. Kanuni aliyoichapisha Cardano 1545 inakupa kipeuo cha tatu cha 2 + √−121 jumlisha kipeuo cha tatu cha 2 − √−121, kitu cha kutisha. Lakini ukijaribu 4, inakubali: 64 = 60 + 4. Gawanya x³ − 15x − 4 kwa x − 4, kinabaki x² + 4x + 1, mizizi −2 ± √3. Yote mitatu ni halisi! Bombelli akaonyesha kwamba yale mazito yenye √−121 ni 2 + i na 2 − i, ukiyajumlisha yanatoa 4. Namba ileile ya dogo wa Kyela.

#38 Tundu_la_Sindano
Yaani 2 + i imeanza kusumbua watu tangu 1572.

#39 KodiYaMsimbo
Wajuvi wote, haya. x⁶ − x⁵ − x² + 1. Mzizi mmoja ni 1. Nipeni mitano iliyobaki.

#40 Nahodha_Mtepe
Safari hii naweka sifuri zote. 1, −1, 0, 0, −1, 0, 1. Pitisha 1: inatoka 1, 0, 0, 0, −1, −1, baki sifuri. Kinabaki x⁵ − x − 1. Jaribu 1: −1. Jaribu −1: −1. Namba kamili nyingine haziwezekani. Eh.

#41 Kipima_Joto
Umegawanya vizuri, na hapo ndipo mwisho wa barabara. x⁵ − x − 1 haina jibu la kuandika kwa kujumlisha, kuzidisha na vipeuo, hata ukeshe. Kwamba digrii ya tano haina kanuni ya jumla, Ruffini huyohuyo wa #35 alijaribu kuthibitisha 1799, uthibitisho ukawa na pengo, Abel akaukamilisha 1824. Kupewa mzizi mmoja kunakushusha ngazi moja tu. Ukitoka sita unatua tano.

#42 KodiYaMsimbo
Nani kasema uandike kwa vipeuo? Digrii witiri, kofishenti halisi, lazima uwepo mzizi halisi angalau mmoja. Anza na 1.2, tumia njia ya Newton, ya kukisia na kusahihisha hatua kwa hatua: 1.1692, halafu 1.1673. Iliyobaki ni jozi mbili: 0.181 ± 1.084i na −0.765 ± 0.352i. Jumla sifuri, kama inavyotakiwa.

#43 Mzee wa Chaki
Hayo ni makadirio. Swali likisema "tafuta mizizi", mimi 1.1673 siipi alama zote.

#44 Bibi_Kokoto
Na −2 + √3 unaipa?

#45 Mzee wa Chaki
Hiyo ni kamili, haijakatwa popote.

#46 Bibi_Kokoto
Mwanangu, √3 maana yake ni "ile namba chanya ambayo mraba wake ni 3". Na mimi nikisema "ile namba halisi ambayo x⁵ − x − 1 inakuwa sifuri" nimekata wapi? Zote mbili nikitaka kununua mbao zake itabidi nibonyeze kikokotoo.

#47 Kipima_Joto
Bibi, √3 ina alama yake inayokubalika.

#48 Bodaboda_PhD
Basi tuipe na hiyo nyingine alama tumalizane. Abiria amefika, narudi baadaye.